Jinsi ya kuingiza huduma za wazee na watu wazima wenye ulemavu katika bajeti ya gombolola: mwongozo kamili kwa Uganda

Kikundi kinachofika ofisi ya gombolola, yaani serikali ya mitaa iliyo chini ya wilaya, mwezi wa Februari kuomba pesa za kuwahudumia wazee wasiotoka nyumbani hujibiwa kwamba pesa hakuna, na mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Pesa za mwaka unaoendelea ziligawanywa tangu Julai. Vipaumbele vya mwaka ujao navyo vilipelekwa Wizara ya Fedha mwezi wa Novemba. Aliyekuja Februari amechelewa miezi mitatu kwa bajeti moja na miezi saba kwa nyingine.

Mwongozo huu ni wa viongozi wa vikundi, watunzaji wa wagonjwa nyumbani, na madiwani wanaowakilisha wazee na watu wenye ulemavu. Unaeleza namna ya kulifanya hitaji la kijiji liwe mstari wenye kiasi cha pesa ndani ya bajeti, na namna ya kuulinda mstari huo mpaka pesa zitoke.

Jua kila fungu linalipia nini

Vikundi vingi hupoteza mwaka mzima kwa kupeleka ombi sahihi kwenye fungu lisilo lake. Yako mafungu ya namna nne.

La kwanza ni SAGE, malipo ya wazee. Kiasi chake ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na kwa kawaida hulipwa kwa mkupuo wa miezi kadhaa, yaani 75,000 kwa robo ya mwaka. Mpango ulianza kama majaribio katika wilaya 15, na tangu ulipoenezwa nchi nzima anayeandikishwa ni mwenye umri wa miaka 80 na kuendelea. Pesa hizi ni za mtu binafsi. Haziwezi kujenga choo wala kumlipa mtunzaji, na gombolola haina mamlaka ya kuziongeza.

La pili ni ruzuku za vikundi. Kuna ruzuku maalum ya taifa kwa watu wenye ulemavu, ambayo kikundi kinaweza kupata hadi shilingi milioni 5, na kuna ruzuku ya biashara kwa wazee wa miaka 60 hadi 79. Zote mbili ziko chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, ila ombi huanzia kwa ofisa wa maendeleo ya jamii wa gombolola, yule ambaye kila mtu humwita CDO. Ruzuku hizi ni za kuanzisha au kukuza shughuli ya kipato: ufugaji, ushonaji, duka, kusaga nafaka. Ombi la dawa au la nepi za wagonjwa litakataliwa hata likiandikwa vizuri namna gani.

La tatu ni PDM, mpango wa maendeleo wa muluka (ngazi iliyo kati ya kijiji na gombolola) uliozinduliwa Kibuku Februari 2022. Kila muluka hupewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na asilimia 10 hutengewa watu wenye ulemavu na asilimia 10 nyingine wazee. Mkopo wa mtu mmoja ni hadi milioni 1. Piga hesabu: kwa mwaka mmoja, muluka wenu unapaswa kuwa na nafasi 10 za watu wenye ulemavu na 10 za wazee. Ukisoma orodha ya waliopata ukakuta wawili au watatu, una hoja ya tarakimu ya kuipeleka kwa chifu wa muluka. Lakini mweleze kila mzee waziwazi kwamba huu ni mkopo wenye riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Wapo wanaoamini ni zawadi ya serikali, na wanaoumia mwishoni ni wao.

La nne ndilo tunaloshughulika nalo hapa: bajeti yenyewe ya wilaya na gombolola. Ndani yake mna ruzuku ya serikali kuu kwa idara ya maendeleo ya jamii, mna DDEG ambayo ni ruzuku ya maendeleo inayofaa kwa ujenzi, na mna mapato ya gombolola yenyewe kutoka sokoni, kwenye leseni na ushuru. Ni fungu hili linaloweza kulipia huduma, yaani mtu kumtembelea mzee nyumbani, mkalimani wa lugha ya alama mkutanoni, njia ya kiti cha magurudumu kwenye zahanati.

Mapato ya gombolola ni kiasi gani hasa?

Usiombe kabla ya kujua mfuko una ukubwa gani. Kwa sheria ya serikali za mitaa, gombolola ya vijijini hubaki na asilimia 65 ya mapato inayokusanya na kupeleka 35 wilayani. Kile kilichobaki kinagawanywa tena: asilimia 25 kwa vijiji, 5 kwa miluka, 5 kwa saza, ngazi iliyo kati ya gombolola na wilaya.

Tuchukue gombolola ya mfano iliyokusanya milioni 30 kwa mwaka. Inabaki na 19,500,000. Vijiji vinapata 4,875,000, miluka 975,000, saza 975,000. Gombolola inabaki na 12,675,000, na humo inalipia vikao vya baraza, mafuta ya pikipiki, karatasi na umeme. Ukiomba milioni 10 kutoka hapo, hakuna diwani atakayekusikiliza. Ukiomba milioni 1 na nusu ukionyesha nyingine zitatoka wapi, mazungumzo yanaanza.

Takwimu za makusanyo ya mwaka uliopita ziombe kwa mhasibu wa gombolola. Si siri.

Hatua ya 1: Hesabu watu, mwezi wa Julai

Orodha yenye majina na vijiji ndiyo inayolitofautisha ombi na malalamiko. Usiulize mtu, "Je, nyumbani kuna mlemavu?" Familia nyingi huona aibu, na mzee aliyepoteza uwezo wa kuona hajihesabu kuwa na ulemavu, atakwambia ni uzee tu. Tumia maswali sita yanayotumika katika sensa nyingi duniani: je, una tatizo la kuona hata ukivaa miwani? La kusikia? La kutembea au kupanda ngazi? La kukumbuka au kuwa makini? La kujihudumia, kama kuoga na kuvaa? La kuwasiliana kwa lugha yako ya kila siku? Majibu ni manne: hakuna tatizo, tatizo kiasi, tatizo kubwa, siwezi kabisa. Anayejibu tatizo kubwa au siwezi kabisa kwa swali lolote anaingia kwenye orodha.

Ongeza mambo matatu ambayo watu wa mipango huyauliza baadaye: anaishi na nani, anaweza kutoka nyumbani mwenyewe au la, na kama ana kitambulisho cha taifa.

Umri wa wazee ni mahali pa kwenda polepole. Wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho ulikisiwa na karani. Tumia matukio. Mtu aliyekuwa na miaka 17 wakati wa uhuru, Oktoba 1962, alizaliwa 1945. Muulize kama alikuwa ameolewa au ameoa siku ile, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa lini. Mkikuta kitambulisho kinampunguzia miaka kumi, andika pembeni, kwa sababu huyo atakosa SAGE mpaka taarifa zake zirekebishwe NIRA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa.

Kazi hii huchukua kama wiki tatu kwa muluka mmoja wenye watu wanne wa kuzunguka. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, asaini kila ukurasa wa orodha ya kijiji chake. Bila saini hiyo, mtu mmoja mkutanoni akisema majina ni ya kubuni, kazi yote inaanguka.

Hatua ya 2: Geuza hitaji kuwa kazi yenye bei

Maneno kama "kuwasaidia wazee" hayana bei, na kisicho na bei hakiingii kwenye bajeti. Hapa ndipo vikundi vingi hushindwa, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo. Bei zilizomo ni za mfano. Weka za soko lenu.

Matembezi ya nyumbani. Tuseme gombolola ina miluka 5, na orodha imeonyesha watu 8 kwa kila muluka wasioweza kutoka nyumbani. Hao ni watu 40. Kila mmoja atatembelewa mara moja kwa mwezi na mhudumu wa afya wa kijiji au mtu aliyefundishwa. Nauli ya boda kwenda na kurudi ni 6,000. Kwa mwaka: 40 mara 12 mara 6,000, jumla 2,880,000. Sabuni, glavu na daftari, 30,000 kwa muluka kwa robo: 600,000. Mafuta ya CDO ya kukagua, 50,000 kwa robo: 200,000. Mafunzo ya watu 10 kwa siku 2, chakula na nauli 20,000 kwa mtu kwa siku: 400,000. Jumla kuu ni 4,080,000.

Sasa igawe kwa robo, maana pesa za serikali hutoka kwa robo. Robo ya kwanza ina mafunzo, kwa hiyo ni 1,320,000. Robo tatu zinazofuata ni 920,000 kila moja. Jedwali hili dogo humfurahisha mhasibu kuliko kurasa kumi za maelezo, kwani analihamisha moja kwa moja kwenye mpango wake wa kazi.

Kisha tafuta kila sehemu italipwa na nani. Mafunzo na ukaguzi yanafaa ruzuku ya idara ya maendeleo ya jamii. Sabuni na glavu zinaweza kutoka kwenye mapato ya gombolola. Nauli ndiyo nzito: iombe nusu kwa gombolola, na nusu izungumzwe na vijiji vyenyewe kutokana na ile asilimia 25 yao. Mtu mmoja hugharimu 72,000 kwa mwaka. Kijiji chenye mzee mmoja wa aina hiyo kinaweza kuzibeba, pesa zake zikifika.

Njia ya kiti cha magurudumu. Kanuni ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kimo hudai sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha zahanati kikiwa sentimita 45 kutoka chini, njia itakuwa na urefu wa mita 5.4. Upana uwe mita 1.2, na juu mlangoni pawe na jukwaa tambarare la mita 1.5 kwa 1.5, ili mtu ageuze kiti bila kurudi nyuma akaanguka. Zege ya unene wa sentimita 10 juu ya kifusi kilichoshindiliwa itakula mifuko kama 6 ya saruji ya kilo 50 kwa uchanganyaji wa 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto. Ongeza mifuko 4 au 5 kwa kuta za kando na lipu. Uso uachwe na michirizi ya ufagio, usisuguliwe ukang'aa. Vishikio viwe pande zote mbili, kimo cha sentimita 90 hivi.

Kosa linaloonekana mahali pengi ni fundi kufupisha njia kwa kuwa nafasi au saruji ni ndogo. Anajenga mita mbili kwa kizingiti kilekile cha sentimita 45. Mtu hawezi kuupanda mteremko huo kwa nguvu za mikono yake, na kushuka ni hatari zaidi. Nafasi ikiwa ndogo, njia ikunjwe katikati kwa jukwaa la kupumzikia, isifupishwe.

Zaidi ya yote, usiombe njia hii kama mradi peke yake pale ambapo jengo jipya linapangwa. Angalia orodha ya miradi ya ujenzi ya mwaka ujao: madarasa, vyoo vya soko, kituo cha afya, kisima. Omba njia, mlango wa sentimita 90 na choo kimoja chenye nafasi ya kugeuza kiti viandikwe ndani ya orodha ya kazi na vifaa vya mradi huo kabla zabuni haijatangazwa. Vikiwa humo gharama yake hupotea ndani ya jengo. Mkandarasi akishasaini mkataba, kila kitu ni nyongeza, na nyongeza hutafutiwa pesa upya.

Hatua ya 3: Pitia ngazi zote, Agosti hadi Mei

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kalenda ya kupanga huanza mara tu baada ya hapo.

Agosti na Septemba ni mikutano ya vijiji na miluka. Hitaji lenu lisomwe na kuandikwa kwenye kumbukumbu za kijiji, kisha kamati ya maendeleo ya muluka iliingize kwenye orodha yake. Mkutano ufanyike kwa lugha ya watu. Huko Busia, Malaba, Koboko au Mpondwe huenda ikawa Kiswahili, na hiyo ni sawa. Ila barua na jedwali liandikeni pia kwa Kiingereza, maana mhasibu na karani wa baraza hufanya kazi kwa Kiingereza, na kinachohitaji kutafsiriwa huachwa chini ya rundo.

Baadaye gombolola hukaa na kamati yake ya wataalamu. Nyinyi hamruhusiwi kupiga kura humo, lakini CDO ni mjumbe. Mpeni jedwali wiki moja kabla, si asubuhi ya kikao.

Oktoba au mwanzoni mwa Novemba wilaya hufanya mkutano wa bajeti ulio wazi kwa umma. Pelekeni watu watatu, na mmoja awe mtu mwenye ulemavu anayejua hesabu ya jedwali. Zungumzeni dakika tatu: idadi ya watu, kazi moja, kiasi. Mkutano huu ndio unaolisha taarifa ya mfumo wa bajeti inayopelekwa Wizara ya Fedha katikati ya Novemba. Kisichotajwa hapa ni vigumu sana kukiingiza baadaye.

Rasimu ya bajeti husomwa mbele ya baraza kabla ya mwisho wa Machi, kisha kamati za baraza huichambua. Huu ndio wakati wa madiwani. Mabaraza yana viti vya watu wenye ulemavu na vya wazee, vya mwanamke na mwanamume. Diwani wenu akae kwenye kamati inayoshughulikia huduma za jamii na aulize swali moja tu: mstari wetu uko ukurasa gani? Mistari midogo hufutwa kimyakimya kipindi hiki, makadirio ya mapato yanapopunguzwa. Bajeti hupitishwa ifikapo Mei 31.

Mna pia hoja ya kisheria. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2015 inadai bajeti za serikali ziwe na cheti cha usawa, na Tume ya Fursa Sawa ndiyo inayozipima. Mkumbusheni ofisa mipango wa wilaya kwamba mstari wenu unampa jambo la kuonyesha. Mnamsaidia kazi yake, na ataliona hivyo mkilisema kwa adabu.

Hatua ya 4: Fuatilia pesa zikitoka

Kupitishwa si kulipwa. Pesa hutolewa kwa robo: kuanzia Julai, Oktoba, Januari na Aprili. Wiki ya tatu ya mwezi wa kwanza wa kila robo, mwakilishi wenu aende kwa mhasibu na CDO aulize kiasi kilichofika na kilichotengwa kwa kazi yenu. Andika tarehe na jibu.

Mapato ya gombolola huyumba. Soko likifungwa au mnada ukihamishwa, kinachokatwa kwanza ni huduma za jamii, kwa kuwa hazina mkandarasi wa kudai. Ndiyo maana ni afadhali mafunzo yawekwe robo ya kwanza, na matembezi yaendelee hata robo moja ikichelewa.

Tatizo kubwa la robo ya mwisho ni Juni 30. Ruzuku ya serikali kuu isiyotumika kufikia siku hiyo hurudi hazina. Ununuzi ukiombwa mwezi wa Mei hautakamilika. Maombi ya kununua vifaa au kujenga yafike kitengo cha ununuzi cha wilaya ndani ya robo ya kwanza.

Kikundi kinachoomba ruzuku ya milioni 5

Kwa kifupi: sajilini kikundi kwa CDO na mpate cheti, muwe na katiba, akaunti ya benki yenye jina lilelile la cheti, kumbukumbu za vikao vya karibuni, na nakala za vitambulisho. Mtu mwenye ulemavu mzito anaweza kuwakilishwa na mtunzaji wake. Maombi mengi hurudishwa kwa sababu ndogo mno: jina la kikundi limeandikwa kwa herufi tofauti kwenye cheti na benki, au shughuli iliyoombwa haina hata mwanachama mmoja aliyewahi kuifanya. Nguruwe kumi kwa watu wasiowahi kufuga hufa, na kikundi hufa pamoja nao.

Mzee akikosa SAGE

Mwenye miaka 80 ambaye hajalipwa kwa kawaida ana moja ya shida tatu: hana kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa una makosa, au alionekana amekufa au amehama wakati wa uhakiki. Anzeni kwa chifu wa muluka na CDO, si kwa dalali; kuandikishwa hakulipiwi. Mzee asiyeweza kufika mahali pa malipo anaweza kuandikiwa mpokeaji mbadala. Achaguliwe na mzee mwenyewe mbele ya shahidi, na mtembeleaji wa nyumbani aulize kila mara kama pesa zilifika mkononi mwake, akiulizia mzee akiwa peke yake.

Jibu lisipopatikana

Ofisi ikikataa kuonyesha hesabu, andikeni barua mkitaja sheria ya kupata taarifa ya 2005, ambayo inadai jibu ndani ya siku 21. Elekezeni kwa ofisa mkuu tawala wa wilaya, nakala kwa CDO na kwa baraza la watu wenye ulemavu la wilaya. Ombeni nyaraka kwa majina yake: mpango wa kazi wa robo, taarifa ya fedha zilizotoka, orodha ya walionufaika. Barua iwe na ukurasa mmoja, na nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa siku hiyohiyo. Bila muhuri, siku 21 hazina pa kuanzia kuhesabiwa.